Hewa Aliyoikana Fundi Polikarpo

Polikarpo Namkopi hakusikia kinyaa kwa yale yanayowatia wengine kinyaa. Miaka thelathini na mbili alitengeneza vifaa vya hospitali, na katika miaka hiyo alishafungua mashine za kunyonya makohozi zilizoziba, akakung'uta mende kutoka kwenye mizani za vichanga, akaosha mirija ambayo hata wauguzi waliishika kwa ncha za vidole. Akimaliza alinawa mikono na kula chapati yake palepale karakana. Kilichomchefua yeye ni kazi ya uongo. Siku moja alikuta mashine ya presha ina karatasi iliyogongwa muhuri kwamba imekaguliwa mwezi uliopita. Alipoifungua, ndani kulikuwa na utando wa buibui mkavu wa miaka. Alitoka nje akatema mate, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya mganga mkuu.

"Uchafu unaoshwa," alimwambia. "Hiki mtakiosha na nini?"

Alizaliwa upande wa Ndanda, kusini, akaja Dar es Salaam kijana kusomea ufundi, na hakurudi tena ila kwa misiba. Alijenga Gongo la Mboto, nyumba ya vyumba vitatu yenye karakana ubavuni. Alipostaafu, hospitali ndogo za watu binafsi ziliendelea kumpigia simu, kwa sababu mashine aliyoishika Polikarpo ilikuwa imeshikwa kweli. Mkewe, Margareta, alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, naye mstaafu. Walikuwa wamezoea kusahihishana mezani kama walimu wawili wa zamu moja.

Mwaka ule joto la Februari lilikuwa kali kiasi kwamba watu walilala sebuleni sakafuni. Ikaja barua kwa mwenyekiti wa mtaa: shirika fulani linaendesha semina ya mabadiliko ya tabianchi katika hoteli moja huko Mbezi Beach, kila mtaa utoe wajumbe wawili. Mwenyekiti akamteua Polikarpo, kwa kuwa ni msomi na ana shati la mikono mirefu.

Ukumbi ulikuwa baridi kama chumba cha maiti. Akina mama walijifunika khanga mabegani, mzee mmoja alikuwa anapiga chafya mfululizo, na kila meza ilikuwa na chupa ndogo za maji za plastiki ambazo watu walifungua, wakanywa funda moja, wakaziacha. Polikarpo alizitazama zikirundikana, akaifunga ya kwake na kuitia mfukoni. Mwezeshaji, binti mchangamfu aitwaye Yumna, alionyesha picha ukutani: jua, dunia, na mishale myekundu ikipanda na kurudi.

"Hewa ukaa," alisema Yumna, "ni kama blanketi huko angani. Inalirudisha joto chini, na dunia inazidi kuwa ya moto."

Polikarpo akanyoosha mkono.

"Binti yangu, mie ni fundi, nina swali la kifundi. Huko juu kuna baridi. Marubani wanasema ni barafu tupu. Huku chini kuna joto. Toka lini kitu cha baridi kikakipasha moto kitu chenye joto? Nikiweka soda ya baridi kwenye chai, chai itachemka? Halafu hiyo hewa yenyewe nimesoma ni chembe nne tu katika kila elfu kumi. Nne! Zinawezaje?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya, swali liliwagusa. Yumna naye akatabasamu, akatazama saa yake.

"Mzee wangu, hilo wanasayansi walishalimaliza zamani. Sie hapa tunazungumzia hatua za kuchukua. Makofi kwa mzee jamani!"

Wakampigia makofi. Polikarpo akakaa chini, na kile kinyaa cha siku ya buibui kikamrudia. Aliuliza swali akapewa makofi! Kwake ilikuwa karatasi ileile yenye muhuri juu ya mashine ambayo hakuna aliyeifungua.

Kuna mtu mmoja hakucheka. Aliitwa Revelian, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye simu juu ya kijiti na chaneli yake mtandaoni. Alimfuata Polikarpo mpaka kwenye maegesho.

"Shikamoo mzee. Umewapiga swali takatifu pale. Wamekuogopa."

"Marahaba. Hawakuniogopa, wamenipuuza."

"Ni kitu kilekile. Naomba nije kwako, nikurekodi. Watu wasikie fizikia ya kweli."

Jumamosi iliyofuata Revelian alifika na taa mbili na maikrofoni ya kubana kwenye ukosi. Alimwomba Polikarpo avae koti jeupe la kazini. Polikarpo akavaa, ingawa hakuwa kazini, na hilo angelikumbuka baadaye kwa aibu. Akazungumza dakika ishirini bila kukwama. Alieleza kwamba joto huenda kwenye baridi, kwamba hakuna mashine duniani inayoligeuza bila kulipishwa umeme, kwamba chembe nne kati ya elfu kumi ni kama wanandugu wanne katika uwanja uliofurika. "Haiwezekani," alisema mwishoni, akiitazama kamera. "Kifizikia, haiwezekani."

Revelian aliirusha ikiwa na maandishi mekundu: MTAALAMU WA HOSPITALI AFICHUA, HEWA UKAA HAIPASHI JOTO. Kwa wiki moja ilitazamwa na watu elfu arobaini. Vijana wa bodaboda kwenye kona walianza kumwita Profesa. Mpwa wake aliyekuwa Masasi alipiga simu, akasema imefika mpaka kule. Polikarpo alijifanya hajali, lakini Margareta alimkuta mara mbili akiitazama mwenyewe, sauti ameipunguza.

"Baba Anna," alimwambia, "umesema haiwezekani. Ulipima?"

"Hiyo ni kanuni, Mama Anna. Kanuni haipimwi kila siku."

"Sijauliza kanuni. Nimeuliza kama ulipima."

Polikarpo akaizima simu. Alijiambia kwamba Margareta ana wivu, kisha akaona haya kwa kuwaza hivyo, kisha akawaza tena.

Mwezi wa nne alipigiwa simu na daktari Hamdiya, mwenye hospitali ndogo ya upasuaji karibu na Mwananyamala. Familia yake ilikuwa na maduka ya vitambaa tangu enzi za babu, na yeye alikuwa wa kwanza kuacha vitambaa akashika kisu. Mashine moja ya chumba cha upasuaji ilikuwa inatoa namba za chini kuliko kawaida. Ni ile ambayo mafundi huiita kapno: mrija mwembamba huchukua pumzi ya mgonjwa aliyelazwa usingizi, na mashine husema ndani ya pumzi hiyo kuna hewa ukaa kiasi gani. Mstari ukipanda na kushuka kwenye kioo, mgonjwa anapumua. Mstari ukilala, kuna jambo.

Polikarpo aliifungua juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Kidirisha cha ndani kilikuwa na ukungu wa unyevu wa mapafu ya watu, taa yake ndogo nayo ilikuwa imechoka. Akasafisha kidirisha kwa pamba, akabadilisha taa, akafunga. Kisha akashika mrija, akapumulia ndani kupima. Mstari ukapanda vizuri, ukakaa, ukashuka.

Muuguzi wa usingizi, Maisa, alikuwa amesimama pembeni akiangalia.

"Fundi, miaka sita nafanya kazi na kitu hiki. Sijawahi kujua kinajuaje. Hewa haina rangi wala harufu."

"Rahisi," alisema Polikarpo, huku akikaza skrubu. "Hiyo taa ndogo haitoi mwanga wa kuonekana. Inatoa miale ya joto, kama ile unayoisikia usoni ukisimama mbele ya jiko. Upande wa pili kuna kijicho cha kuipokea. Hewa ya kawaida, oksijeni, naitrojeni, miale inapita kama haikuona kitu. Lakini hewa ukaa inaimeza. Kwa hiyo hewa ukaa ikizidi, joto linalofika upande wa pili lina..."

Bisibisi ilibaki imesimama juu ya skrubu.

"Linapungua," alimalizia Maisa. "Nimeelewa. Kwa hiyo hewa ukaa inakamata joto."

"Eeh," alisema Polikarpo.

"Fundi, unaumwa? Uso umekubadilika."

Alisema ni njaa. Akakusanya vifaa vyake, akatoka kupitia korido ya wazazi. Humo kulikuwa na inkubeta moja, kasha la kutunzia joto watoto njiti, yenye kichanga cha kilo moja na nusu, nayo ilikuwa imesukumwa karibu na dirisha la kioo ambalo kiyoyozi kilikuwa kinalipuliza moja kwa moja. Bila kufikiri akasimama, akamwambia muuguzi kile alichowaambia wauguzi mamia kwa miaka mingi.

"Dada, sogeza mbali na dirisha. Mtoto anapoteza joto."

"Lakini hewa ya ndani ina joto la kutosha, mzee. Namba hiyo hapo."

"Hewa sio shida. Ngozi yake inatupa joto kwenye kuta zilizomzunguka. Ukuta ukiwa baridi sana haumrudishii kitu. Ndiyo maana hizi inkubeta nzuri wameziwekea ukuta wa pili ndani. Huo ukuta wa ndani una joto dogo kuliko mtoto, ila unamrudishia sehemu, na yeye anabaki na..."

Hapo alikwama kwa mara ya pili siku hiyo. Ukuta ulio na joto dogo kuliko mtoto. Haumpashi moto, lakini kwa kuwepo kwake mtoto anabaki na joto zaidi. Na joto lenyewe lilikotoka si ukutani. Lilitoka kwa mtoto, kama la ardhi linavyotoka kwa jua. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu ana nywele nyeusi. Alikuwa amelifundisha. Kisha akavaa koti jeupe akawaambia watu elfu arobaini kwamba haliwezekani.

Muuguzi aliisogeza inkubeta. Polikarpo alitoka nje, akasimama karibu na mtaro, na kilichokuwa tumboni kikatoka. Mlinzi alimletea maji kwa kopo, akamwonea huruma, akadhani ni mgonjwa wa humo ndani.

Nyumbani hakula. Aling'oa ukurasa wa kalenda ya mwaka jana, akaugeuza, akaanza hesabu upande mweupe. Margareta alivuta kiti. Walifanya pamoja: kile kijumba cha ndani ya kapno, pumzi inamopita, kina upana wa milimita chache tu, na pumzi ina hewa ukaa sehemu tano katika mia. Ukiichuja ikabaki yenyewe, ni utando mwembamba kuliko robo ya milimita. Na utando huo mashine inauona, tena inauona wazi kiasi cha kukabidhiwa uhai wa mtu. Huko angani je? Chembe nne kati ya elfu kumi, lakini zimerundikana kilomita juu ya kilomita. Margareta alihesabu mara mbili, kwa kalamu nyekundu, kama zamani.

"Ukiishusha yote chini ikabaki peke yake," alisema, "ni kama mita tatu. Inapita dari yetu."

"Mita tatu dhidi ya robo milimita."

"Zaidi ya mara elfu kumi."

Polikarpo aliitazama namba hiyo kama mtu anayetazama nywele kwenye sahani yake. "Nimewabandikia watu karatasi ya muhuri, Mama Anna. Mie. Sikufungua mashine."

Margareta alifunika kalamu nyekundu. Alimsogezea ugali uliopoa.

Kesho yake asubuhi alimpigia Revelian, akamwambia aiondoe ile video.

"Mzee, acha utani. Ile ndiyo imetupandisha."

"Nilikosea. Iondoe, au njoo unirekodi nikisema nilikosea na kwa nini."

"Sawa. Nakuja."

Alikuja kweli, na taa zilezile. Polikarpo safari hii hakuvaa koti. Alieleza juu ya kapno na inkubeta, alieleza hesabu ya mita tatu, akasema kwa sauti yake mwenyewe: "Wale waliosema hewa ukaa haiwezi kupasha joto wanasema hivyo kwa sababu hawajapima, na mimi nilikuwa mmoja wao." Revelian alimshukuru sana, akanywa chai, akaondoka.

Siku tatu baadaye video ilitoka. Ilikuwa ya dakika moja na nusu. Polikarpo alijiona akisema: "Hewa ukaa haiwezi kupasha joto." Halafu pakakatwa, akajiona akitikisa kichwa kwa uchungu. Halafu: "Hawajapima." Maandishi mekundu yakasema: PROFESA ARUDI, AWAUMBUA TENA.

Alipata bodaboda mpaka Kinondoni, kwenye chumba ambacho Revelian alikifanya studio. Kilikuwa na zulia la kijani ukutani na harufu ya chipsi za jana. Revelian hakuinuka kwenye kiti chake.

"Unaamini nini wewe?" Polikarpo alimuuliza. "Niambie tu. Unaamini nilichosema kwanza, au nilichosema mwisho?"

"Mzee, mie siaminigi kitu. Mie naweka. Watu wanachagua." Akageuza kompyuta yake. "Ila nina wazo. Nirushe na ile nyingine, nzima nzima. Profesa dhidi ya Profesa. Unajibizana na wewe mwenyewe. Hiyo inagonga laki moja, nakuapia."

Polikarpo alimtazama. Alitafuta usoni mwa yule kijana japo chembe ya uovu, kitu cha kukasirikia, asikione. Hakikuwepo kitu kabisa. Kilikuwepo kidole cha kubonyeza, basi. Alishawahi kushika vitu vilivyooza kwa mikono yake mitupu, lakini pale mlangoni alishindwa kushika kitasa ambacho Revelian alikishika. Alikisukuma kwa kiwiko.

Aliyebaki ni Yumna. Alipata namba yake kwa mwenyekiti wa mtaa, akamkuta kwenye ofisi ndogo ya shirika lake, Temeke, amezungukwa na maboksi ya fulana. Aliposikia kilichomleta, binti akaweka kalamu chini.

"Mzee, niseme ukweli? Siku ile sikujua jibu. Nilipewa zile picha nikaambiwa nizisome. Nilipigisha makofi ili nipite."

"Nilijua," alisema Polikarpo. "Nilinusa. Na mie nikatoka pale na kinyaa changu, nikadhani hicho ndicho ushahidi kwamba jambo lenyewe ni uongo. Umeona upumbavu? Fundi kuwa mbovu hakuifanyi mashine kuwa mbovu."

Yumna aliinamisha kichwa. Kisha akamwambia kuna semina Alhamisi, ukumbi wa shule, hakuna kiyoyozi. Je, angekuja?

Alikwenda na kapno ya zamani aliyokuwa nayo karakana, iliyokosa kifuniko. Margareta alibeba waya. Mbele ya watu kama sitini, wauza samaki, mafundi cherehani, wazee wa misikiti na makanisa, Polikarpo alisimama na kusema: "Mnaomjua yule Profesa wa kwenye simu, ni mie. Nilikosea." Ukumbi ukaguna. Akampa mama mmoja mrija apumulie, na mstari ukapanda, na watu wakasogeza viti kuona. Akaeleza pole pole, kwanza miale ya joto, kisha ukuta wa inkubeta, kisha mita tatu.

Mwalimu mmoja mstaafu, Apolinari, akasimama nyuma. "Kama mita tatu zinameza joto kiasi hicho, si zimeshalimaliza lote? Ukiongeza hewa nyingine kuna tofauti gani?"

Polikarpo aliona fahari ya ghafla kwa ajili ya mtu huyo. "Hilo swali, mwalimu, limeninyima raha wiki mbili. Sio miale yote inamezwa sawa. Kuna inayomezwa kabisa, na kuna ya pembeni inayomezwa kidogo kidogo. Ukiongeza hewa, ya pembeni nayo inakamatwa. Na kule juu kabisa, hewa inapokuwa nyembamba, ndiko joto linakopata mwanya wa kutoka kwenda zake. Ukiongeza hewa ukaa, mwanya unasogea juu zaidi, kwenye baridi zaidi, na kitu cha baridi kinatoa joto kidogo. Lililobaki linabaki kwetu. Nusu ya hayo mie siwezi kukuonyesha kwa mashine hii. Nimeyasoma tu, na nakwambia nimeyasoma tu."

Apolinari akafikiri, akaketi. "Sawa. Hapo umenijibu."

Lakini mwanamume mmoja wa mbele, fulana ya semina tayari ameivaa, alisema kwa sauti: "Safari ya kwanza walikulipa wale, safari hii wamekulipa hawa." Watu wakacheka, kicheko kilekile cha Mbezi Beach. Margareta alitaka kuinuka, Polikarpo akamgusa bega. Aliona kwamba mtu aliyevaa koti jeupe siku ambayo hakuwa kazini anastahili kuulizwa hivyo. Mwisho wakaitwa kupiga picha chini ya bango. Alikataa, akakunja waya wake.

Video ya Revelian bado ipo. Ile ya kukiri kosa, ambayo Margareta aliirekodi sebuleni kwa simu yake, imetazamwa na watu mia na kumi na saba. Polikarpo haangalii tena namba hizo, ila mtaani hazimwachi. Juzi alikuwa buchani kwa Nurdin, Gongo la Mboto, nzi wamejaa kwenye maini, na Nurdin akampokea kwa furaha.

"Profesa! Umewaumbua wale wazungu. Nusu kilo?"

Polikarpo alisikia kile kinyaa kikimrudia. Angeweza kuchukua nyama yake akaenda. Nyuma yake kulikuwa na watu wanne kwenye foleni, na jua lilikuwa linapiga bati.

"Weka kisu chini kidogo, Nurdin," alisema. "Nina jambo la kukueleza, na sio fupi."

Mtu wa nyuma akasonya. Nurdin akaweka kisu.